Sanaa nyumbani: Mkaa, manjano na udongo vyatosha kumwanzishia mtoto

Ujumbe huingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi saa moja jioni: kesho kila mtoto aje na kazi ya sanaa iliyotengenezwa kwa vifaa vinavyopatikana nyumbani. Kuanzia hapo nyumba nyingi hufanana. Baba anakimbilia dukani kutafuta boksi la kreyoni na karatasi ya manila. Mama anakata na kubandika. Mtoto mwenye kazi analala saa tatu akiwa hajagusa chochote ila gundi iliyomganda vidoleni. Wengine humlipa fundi. Asubuhi mwalimu anapokea nyumba safi ya katoni yenye madirisha ya plastiki, huku akijua vizuri kwamba mtoto wa miaka mitano hawezi kushika wembe namna ile.

Makala haya ni ya wazazi na walezi wa watoto wa kati ya miaka 3 na 9 katika Kaunti ya Kilifi. Yanaeleza jinsi ya kufanya sanaa na mtoto kwa vitu vilivyopo jikoni, shambani na ufuoni, ni vitu vipi havifai kabisa kuguswa, na ni wapi mzazi anafaa kuondoa mkono wake. Tunaliandikia jambo hili kwa sababu Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea, na shughuli za ubunifu ni sehemu ya masomo ya PP1 na PP2. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, unataka mtoto ajaribu mwenyewe na aeleze alichokiona. Hakuna mahali unapomtaka mzazi anunue.

Mchoro usio na mwili

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi akipewa mkaa na karatasi ataburura tu mistari. Usimsahihishe. Anajifunza kwamba mkono wake ukienda, alama inabaki, na kwake hilo ni jambo kubwa. Karibu na umri wa miaka mitatu mistari ile huanza kufunga na kuwa duara. Kisha duara linapata macho, halafu miguu miwili inatoka moja kwa moja kichwani. Karibu watoto wote wa dunia hupitia hatua hii ya kumchora mtu mfano wa kiluwiluwi, kichwa na miguu bila tumbo. Mzazi akiona mchoro kama huo hana sababu ya kushtuka, na hana sababu ya kuchukua kalamu ili "amwonyeshe" mtoto jinsi mtu anavyochorwa. Mwili utakuja wenyewe, mara nyingi kabla mtoto hajafika Gredi ya 1.

Kazi hizi zina faida nyingine ambayo walimu wa chekechea wanaifahamu vyema. Vidole vinavyokanda udongo, kusuka ukili na kubana kijiti cha mkaa ndivyo vitakavyoshika penseli. Mtoto aliyelazimishwa kuandika herufi kabla vidole havijapata nguvu huikamata penseli kwa ngumi nzima, na tabia hiyo huchukua muda kumtoka.

Kalamu ya mkaa

Mkaa wa jiko huchora, lakini ni mgumu na hukwaruza karatasi. Kalamu laini ya mkaa, kama ile wanayotumia wachoraji, inatengenezwa hivi. Tafuta mkebe wa bati wenye kifuniko, kama ule wa majani ya chai au kakao, na utoboe tundu moja dogo la msumari kwenye kifuniko. Kata vijiti vikavu vyenye unene wa penseli, uviambue magome, uvipange ndani vikiwa vimebanana, kisha ufunike. Weka mkebe juu ya makaa ya moto wakati chakula kimeshaiva na jiko bado lina nguvu. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikatika, ondoa mkebe na uuache upoe kabisa kabla ya kuufungua.

Kinachotokea ndani ni jambo ambalo mtoto wa miaka saba anaweza kulielewa. Mti unahitaji hewa ili uungue na kuwa majivu. Ndani ya mkebe hakuna hewa ya kutosha, kwa hiyo maji na gesi hutoka kama moshi na kinachobaki ni kaboni nyeusi. Ndiyo maana kuufungua ukiwa moto ni kosa: hewa ikiingia, vijiti vitashika moto na utabaki na majivu. Kazi ya jikoni ni ya mtu mzima. Mtoto achague vijiti, na kesho yake alinganishe kijiti cha mwembe, cha mwarobaini na cha mpera aone ni kipi kinachora cheusi zaidi. Hapo tayari kuna jaribio, wala hakuna shilingi iliyotumika.

Rangi inayobadilika mbele ya macho

Kama una muda wa jambo moja tu katika makala haya, fanya hili la manjano. Chukua kijiko kimoja cha chai cha manjano ya kupikia, ukoroge katika vijiko vinne vya maji, na umwache mtoto apake rangi ile kwenye karatasi nyeupe. Iache ikauke. Halafu mpe kikombe kingine chenye maji yaliyoyeyushwa kipande cha sabuni ya mche, na kijiti. Mwambie achore chochote juu ya ile njano. Mstari utatokea ukiwa mwekundu wa kahawia, papo hapo, kana kwamba kijiti kilikuwa na wino. Sasa mpe kipande cha limau akipitishe juu ya mstari ule ule. Njano itarudi.

Manjano ina kemikali inayogeuka rangi ikikutana na alikali, na sabuni ya mche ina alikali. Limau lina asidi, ambayo huirudisha rangi ya mwanzo. Kabla ya kila hatua mwulize mtoto anadhani kitatokea nini, na usimpe jibu. Akikosea, vizuri. Kisha mwache ajaribu vitu vingine vya jikoni: maji ya ukwaju, siki, maziwa, maji ya chumvi, chai. Vipi vinabadilisha na vipi havibadilishi? Mtoto wa Gredi ya 3 anaweza kuweka jedwali. Wa PP1 atapiga kelele tu kila rangi inapogeuka, na hiyo yatosha.

Msimu wa zambarau ukifika, fanya vivyo hivyo kwa juisi yake. Ponda matunda, chuja kwa kitambaa usichokipenda, paka. Maji ya sabuni huielekeza rangi hiyo kwenye bluu au kijani, na limau huivuta kwenye nyekundu. Bluu ni rangi ngumu kupatikana katika mimea, kwa hiyo mtoto akiipata kwa njia hii mpongeze.

Kuna nyekundu ya machungwa katika mbegu za bixa, mmea ambao wakulima wa Kwale na Lamu wanaukuza kwa ajili ya soko na ambao hapa petu pia unaonekana kwenye nyua za nyumba. Rangi yake ndiyo inayotiwa kwenye siagi na jibini viwandani. Bixa haipendi maji. Sugua mbegu kwa matone mawili ya mafuta ya nazi kwanza, utaona tofauti. Majani ya kunde au mchicha yakisuguliwa moja kwa moja kwenye karatasi hutoa kijani kizuri, lakini baada ya siku kadhaa hukauka na kuwa kahawia. Mtoto atauliza kwa nini. Ni kijani kile kile kinachopotea jani likianguka kutoka mtini.

Udongo una rangi zake, na Kilifi imebarikiwa. Aliyewahi kufika Marafa, kwenye lile bonde la Nyari, ameona tabaka nyekundu, za machungwa, nyeupe na za kahawia zikiwa zimepangana kwenye ukuta mmoja. Wekundu ule ni wa chuma kilichoshika kutu ndani ya mchanga. Huna haja ya kuchukua kitu bondeni. Udongo mwekundu umejaa mashambani kote Magarini na kwingineko. Utwange ukiwa mkavu, uutie kwenye chupa ya maji, utikise, kisha hesabuni pamoja hadi 30. Mchanga mzito utatua chini. Mimina yale maji mekundu ya juu katika chombo kingine, yaache hadi kesho, umwage maji safi yaliyoelea, na tope laini lililobaki ulianike juani. Hiyo ni rangi. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa hadi yawe unga hutoa nyeupe.

Lakini unga wa udongo ukipakwa na maji peke yake utapukutika ukikauka. Kila rangi ya kuchorea duniani ina vitu viwili: unga wenye rangi na kitu cha kuushikisha. Ute wa njano wa yai hushika vizuri, na wachoraji wa zamani wa Ulaya walitumia huo huo kabla ya rangi za mafuta kuenea. Yai moja, kijiko cha maji, na unga kiasi cha kufanya uzito wa uji. Ila yai ni chakula, na tutalirudia jambo hilo hapa chini. Uji mwepesi wa unga wa muhogo, uliopikwa hadi uonekane kama kioo na kupozwa, hushika karibu sawa na hugharimu kidogo sana. Ndio huo huo unaofaa kuwa gundi ya karatasi. Kwa joto letu hudumu siku mbili, mwisho tatu. Ukianza kunuka, umwage.

Chombo cha rangi ni kifuu. Brashi ni mswaki: tafuna ncha ya kijiti cha mswaki hadi nyuzi zitawanyike, na una brashi nzuri kuliko nyingi za dukani. Nyuzi za mkonge au za makumbi ya nazi zikifungwa kwenye kijiti hufanya brashi nene ya kupaka eneo kubwa.

Mtoto mdogo kabisa atafurahia mshumaa. Chora kwa mshumaa mweupe kwenye karatasi nyeupe, ambapo hakuna kinachoonekana, kisha mpe apake maji ya manjano juu. Nta hukataa maji, na mchoro uliofichika hujitokeza.

Kanga ya karatasi

Karibu kila nyumba ya Pwani ina kanga, na mtoto anaijua kabla hajaijua kalamu. Itandaze sakafuni umwombe akuonyeshe sehemu zake tatu: pindo linalozunguka pande zote, mji wa katikati, na jina, yaani yale maandishi. Kisha mpe karatasi ndefu, mwabuni kanga yenu.

Mihuri iko sokoni. Bamia ikikatwa upande kwa upande hutoa nyota yenye pembe tano. Kikonyo cha jani la mpapai ni mrija, kwa hiyo hutoa duara. Kikonyo cha jani la mgomba kina vyumba vyumba ndani, na alama yake hufanana na wavu. Kiazi kinaweza kuchongwa na mtu mzima kiwe korosho, jani au samaki. Malapa ya mpira yaliyokatika ni mazuri kuliko yote, kwani mpira wake hukatika kwa urahisi na muhuri haurojeki. Paka rangi nzito kwenye kipande cha kitambaa kilicholowa, gonga muhuri hapo, halafu kwenye karatasi. Mtoto ataona mara moja kwamba pindo linahitaji mpango: muhuri ukigongwa ovyo, ukingo wa karatasi utafika kabla ua halijakamilika. Mwache ahesabu mwenyewe nafasi. Ni hesabu za kweli hizo, na hazina kitabu.

Jina la kanga alitunge mtoto. Kama bado hajui kuandika, mwandikie neno kwa neno alivyosema, hata kama sentensi yake haina maana kwako.

Kuhusu malapa na plastiki inayotupwa na bahari, watoto wakubwa watapenda kusikia habari za Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kufunikwa kwa vipande vya malapa yaliyookotwa ufuoni. Liliteremshwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Vizibo vya chupa, vipande vya nyavu na malapa yaliyoshwa vizuri vinaweza kupangwa kuwa picha. Kisichoruhusiwa ni kuyeyusha au kuchoma plastiki ili ishikane. Moshi wake ni sumu.

Udongo kwanza, unga baadaye

Mafunzo mengi ya intaneti humwambia mzazi akande vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi ili apate kitu cha kufinyanga. Kinafanya kazi. Lakini kuna nyumba katika Ganze, Magarini na kwingineko ambazo vikombe viwili vya unga ni chajio, na mtoto anayeona unga ukichezewa wakati jana alilala na uji mwepesi anajifunza somo jingine kabisa. Mwalimu pia asiuagize kwa watoto. Zaidi ya hayo chumvi ile ni nyingi mno, na mtoto mdogo akiila kwa wingi inaweza kumdhuru.

Udongo ni bure. Chimba kando ya bwawa au mto wa msimu, au chukua wa kichuguu kilichohamwa, kwani mchwa huwa wameshauchambua. Kipimo ni rahisi. Loanisha kiasi cha ngumi moja, ukande, usokote kamba yenye unene wa kidole, uizungushe kidoleni. Ikikatika, udongo una mchanga mwingi. Ikipinda ikiwa na nyufa ndogo tu, unafaa. Ukiwa unashika sana na kunata, ongeza mchanga laini uliochekechwa au vigae vya chungu kilichovunjika vilivyotwangwa, maana udongo mtupu husinyaa sana unapokauka na kupasuka. Akina mama wafinyanzi wanalijua hili bila kufundishwa na mtu wa ofisi ya kaunti. Ukiwa na mmoja kijijini kwenu, mpeleke mtoto kwake akamtazame.

Vitu viwili huharibu kazi za udongo. Cha kwanza ni jua. Mtoto hutaka kuanika ng'ombe wake juani ili akauke upesi, na kesho anamkuta hana miguu. Sehemu nyembamba hukauka na kusinyaa kabla ya tumbo nene, zikavutana hadi zikakatika. Akauke kivulini, amefunikwa kitambaa, siku nne au tano. Cha pili ni viungo vilivyobandikwa vikiwa vikavu. Kwaruza pande zote mbili, paka tope jepesi, ndipo ubandike. Udongo ambao haujachomwa utarudi kuwa tope ukilowa, na kwa mtoto hiyo ni faida, kwa kuwa ng'ombe wa wiki hii anaweza kuwa pikipiki wiki ijayo.

Ukili, makuti na pakacha ni habari ndefu inayostahili toleo zima. Tuseme tu kwamba bibi, au hawe kama wengi wetu tunavyomwita, akiwepo nyumbani, mtoto wa miaka sita anaweza kujifunza kusuka ukili wa nyuzi tatu mchana mmoja. Miyaa ikichemshwa na manjano au magome ya vitunguu vyekundu hushika rangi. Kazi ya jikoni, tena, ni ya mtu mzima.

Vitu vya kuweka mbali

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, na amsomee yule anayebaki na watoto mchana.

Makaa ya betri kuukuu. Zamani watu walivunja betri za tochi na kuponda unga mweusi wa ndani ili kupaka ubao au ukuta. Bado wapo wanaofanya hivyo. Unga huo una madini na chumvi zinazochoma ngozi na hazifai kuvutwa puani wala kumezwa. Nyeusi ipo kwenye mkaa.

Masalio ya rangi za nyumba, hasa za mafuta na za mabati, na rangi kuukuu inayobanduka ukutani. Baadhi ya rangi hizo huwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ubongo polepole, bila dalili ya mapema.

Piko. Hina halisi ya majani haina shida kwenye karatasi wala mkononi. Piko nyeusi mara nyingi ni dawa ya kupaka nywele, na kemikali yake inaweza kubabua ngozi ya mtoto na kumwachia mzio wa maisha. Isitumike kumchora mtoto hata sikukuu.

Maganda ya korosho mbichi. Wakulima wetu wanayajua mafuta yake. Yanaunguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua. Mtoto asiyachonge, asiyapake rangi, asiyatie shanga.

Mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zile zinazookotwa kwenye mmea unaotambaa na kutungwa kama shanga, pamoja na mbegu za mbarika zenye madoadoa. Zote mbili zina sumu kali inayotoka zikitobolewa au kutafunwa, na zinaweza kuua. Shanga za watoto zitokane na mbegu za ubuyu, tikiti maji au maboga. Utomvu mweupe wa mnyaa nao ukiingia jichoni unaweza kuleta upofu, kwa hiyo ua la mnyaa lisiwe mahali pa kutafutia vijiti.

Saruji, chokaa ya kujengea na magadi vyote huchoma macho. Karatasi ya mfuko wa saruji inavutia kwa ukubwa wake, lakini vumbi halitoki lote hata ukikung'uta. Tumia gazeti, katoni au karatasi ya pakiti za unga.

Mtoto akimeza kitu kati ya hivi, usimtapishe na usimpe maziwa au mafuta kwa kubahatisha. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu mara moja, ukibeba kile alichomeza au masalio yake. Kikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi huku mtu mwingine akitafuta usafiri.

Sheria nayo ina neno. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na kuokota makombe, matumbawe au kiumbe chochote ndani yake hakuruhusiwi, hata na mtoto, hata kombe tupu. Gamba la kasa ni nyara ya wanyamapori popote lilipookotwa, na kuwa nalo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Misitu ya kaya haikatwi kijiti wala haiokotwi kuni. Kaya Takatifu za Mijikenda ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008, na wazee walizilinda kabla ya orodha hiyo. Mtoto akiona kigango, aelezwe ni nini na kwa nini hakiguswi.

Mzazi afanye nini na mikono yake

Kata kwa kisu, shika moto, tunga tundu gumu. Hizo ni kazi zako. Yanayobaki ni ya mtoto, pamoja na uamuzi kwamba mbuzi awe na miguu sita.

Swali la "hii ni nini?" huwakwaza watoto wengi, kwa kuwa pengine haikuwa kitu chochote, ilikuwa rangi tu. Jaribu kusema ulichokiona: umetumia nyekundu nyingi upande huu, au mstari huu umeuzungusha mara nyingi. Kisha nyamaza. Mara nyingi mtoto ataanza kusimulia. Sifa za kila dakika nazo zina kasoro yake, kwani mtoto huanza kukuangalia usoni badala ya kuangalia karatasi.

Mzazi mwenye mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu afanye haya haya kwa mguso. Mistari ya gundi ya muhogo ikinyunyiziwa mchanga hukauka ikiwa imeinuka, na mtoto anaweza kuusoma mchoro wake kwa vidole. Mtoto ambaye vidole vyake havikunji vizuri afungiwe kitambaa kinene kwenye kijiti cha mkaa ili ashike kwa kiganja. Asiachwe pembeni akitazama wenzake.

Na kuhusu ule ujumbe wa saa moja jioni: mtoto akipeleka shuleni karatasi ya manjano yenye mstari mwekundu wa sabuni na akaweza kumweleza mwalimu rangi ilivyogeuka, amefanya kazi aliyopewa. Walimu wa chekechea wanaosoma jarida hili nao waombwe kutoa notisi mapema kidogo, angalau wiki moja, maana udongo haukauki kwa usiku mmoja.

Jambo la mwisho ni la kufua. Manjano itaingia kwenye nguo, hilo halikwepeki, kwa hiyo mvike mtoto fulana kuukuu. Ukisugua doa lake kwa sabuni ya mche litageuka jekundu, na sasa unajua sababu. Suuza sabuni yote itoke, kisha anika nguo ikiwa mbichi kwenye jua kali. Doa litafifia siku hadi siku, kwa sababu rangi ya manjano haistahimili mwanga. Kwa sababu hiyo hiyo, picha za manjano mnazotaka zidumu zitundikwe ukuta wa ndani, mbali na dirisha.